Shajara ya Chumba cha Kusikilizia: Kutoka Sabufa hadi Santuri, Tanga, Januari hadi Juni 2025

Jumamosi, 11 Januari

Mjomba amehamia Pemba kwa mwanawe, na kabla ya kuondoka amenikabidhi kreti ya santuri ambazo hazijapigwa tangu mashine yake ilipokufa. Nimezihesabu leo: ndogo za mizunguko 45 kwa dakika ni 49, kubwa za mizunguko 33⅓ ni 12, na zile nzito za mizunguko 78, ambazo zikianguka huvunjika kama sahani ya udongo, ni 3. Nyingi ni za dansi, chache za taarabu.

Nyumbani tuna sabufa kama ilivyo katika nyumba nyingi, na sina ugomvi nayo siku ya sherehe. Ila kuna santuri moja ndogo humu ambayo niliisikia utotoni barazani kwa Mjomba, yenye gitaa la solo na gitaa la ridhim yanayojibizana kuanzia mwanzo hadi mwisho, na nakala yake niliyoipata kwenye simu inayayeyusha magitaa yote mawili kuwa kitu kimoja kinachorindima. Nimeiteua santuri hiyo iwe kipimo changu. Siku nitakapoweza kuyafuata magitaa hayo kila moja peke yake, nikiwa nimekaa kwenye kiti changu chumbani, mradi utakuwa umefika.

Bajeti ni shilingi 1,800,000, fedha za upatu zilizonifikia Desemba. Wapenzi wa sauti ya daraja la juu wa Ulaya na Marekani wangecheka, kwa sababu wapo wanaolipa zaidi ya hapo kwa waya peke yake. Nimejiwekea kanuni moja ya matumizi: fedha nyingi ziende mahali ambapo mtikisiko hugeuka umeme na umeme hugeuka mtikisiko, yaani kwenye sindano na kwenye spika, maana hapo ndipo makosa makubwa hutokea. Amplifaya yoyote iliyoundwa kwa uaminifu miaka ya 1980 inanitosha.

Jumamosi, 25 Januari

Nimenunua amplifaya ya Kijapani ya wati 40 kwa kila upande kwa shilingi 260,000, pamoja na spika mbili za woofa (koni ya besi) ya inchi 8 kwa 180,000, vyote kutoka duka moja la mitumba. Mwenye duka alikuwa amekwisha kuelekeza plagi ya amplifaya kwenye soketi ili anionyeshe inavyowaka, nikamwomba asubiri.

"Usiwe na wasiwasi, mwalimu, hii ni otomatiki, inajibadilisha yenyewe."

Nilikigeuza chombo na kumsomea kibati cha nyuma: volti 100. Vyombo vilivyotengenezwa kwa ajili ya soko la ndani la Ujapani hutumia volti 100, na umeme wetu ni wa volti 230. Amplifaya za umri huu hazina kitu cha kujibadilisha; zikichomekwa hivi hivi, fyuzi ikikawia kukatika, transfoma ya ndani huungua. Nikabeba na transfoma ya kushusha umeme yenye uwezo wa voltiampea 500, shilingi 95,000, nzito kama jiwe la kusagia.

Majirani wameniuliza kwa nini wati 40 tu ilhali sabufa zimeandikwa maelfu. Hesabu ni nyepesi. Spika hizi zimeandikwa desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 89 kwa wati moja katika umbali wa mita moja. Kiti changu kitakuwa mita mbili na nusu, kwa hiyo napoteza takriban desibeli 8, ingawa kuta hurudisha sehemu yake. Kila ukizidisha wati mara mbili unapata desibeli 3 tu, na kutoka wati 1 hadi 40 nyongeza ni desibeli 16. Napata karibu desibeli 97 kitini, na sina nia ya kuishi ndani ya desibeli 97.

Swichi na vitufe vya kuzungusha vilikuwa vikikwaruza kwa kutu ya hewa ya chumvi. Nimevipulizia dawa ya kusafishia migusano ya umeme, ya shilingi 18,000, na karibu vyote vimekubali. Kitufe kimoja kidogo cha kubonyeza kando ya kile cha kuchagulia chombo kimeganda, nami nimekiacha kwa kuwa hakionekani kuwa na kazi muhimu.

Spika zina kasoro niliyoitarajia. Ile pete ya sponji inayoishika koni kwenye fremu imeoza, ukiigusa inabaki kidoleni kama masizi yenye gundi. Sponji ya aina hiyo huliwa na unyevu na joto iwe spika imepigwa au imefungiwa kabatini. Koni zenyewe na koili, ule waya uliosokotwa unaozisukuma, ni nzima.

Jumapili, 9 Februari

Mashine ya santuri imepatikana kwa shilingi 220,000. Nilitamani Technics SL-1200, ile ambayo tangu 1972 imejengewa mota inayozungusha sahani moja kwa moja bila mkanda, lakini bei yake ingekula bajeti yote. Hii yangu ni ya mkanda, nayo pia ni ya Kijapani. Spika bado ziko mezani bila pete, hivyo nimesikiliza kwa hedifoni kwenye amplifaya, nikitumia sindano kuukuu iliyokuja na mashine na santuri iliyokwisha kupasuka ukingoni.

Mwimbaji wa kike ametoka na sauti ya mwanamume aliyechoka.

Fundi redio wa mtaani alisema mkanda umelegea, tukaweka mpya, na sauti ikabaki ile ile. Nikaamua kuhesabu. Mizunguko 33⅓ kwa dakika ni mizunguko 100 kamili kwa dakika tatu, kipimo kizuri kisichohitaji chombo chochote ila saa na uvumilivu. Nimebandika kipande cha karatasi ukingoni mwa sahani, nikamwita mtoto wa mdogo wangu, anayesoma darasa la sita, ashike saa ya simu huku mimi nikihesabu. Dakika tatu zimekwisha nikiwa kwenye 83. Tumerudia, 83 tena.

Mkanda uliolegea haukosei kwa uaminifu kiasi hicho. Themanini na tatu kwa mia ni takriban tano kwa sita, na tano kwa sita ni hezi 50 kwa hezi 60, yaani mitikisiko ya umeme kwa sekunde. Ujapani ina gridi mbili za umeme: upande wa mashariki, ilipo Tokyo, ni hezi 50, na magharibi, ilipo Osaka, ni hezi 60. Mota ya mashine hii hufuata hezi za umeme, na kapi iliyofungwa juu yake ni ya magharibi. Transfoma yangu hushusha volti, hezi haizigusi. Kwa hiyo mashine inazunguka mizunguko 27.8 na muziki unashuka zaidi kidogo ya nusu-toni tatu. Hakuna kilichoharibika, mashine inatii amri ya mji mwingine.

Jumamosi, 15 Februari

Nimekwenda Ngamiani kwa fundi mwenye mashine ya kukereza vyuma, ambaye kazi yake ya kila siku ni bushi za magari na vipuri vya pampu. Nilikuwa nimepima kapi kwa kalipa ya maabara ya shule: ngazi ya 33⅓ ina kipenyo cha milimita 18.0. Nikazidisha kwa 6 na kugawa kwa 5, nikapata 21.6, na ngazi ya juu ya mizunguko 45 nikaipigia hesabu hiyo hiyo. Nilimchorea kwenye karatasi.

Fundi alikigeuzageuza kile kikapi kidogo kiganjani kwa muda. "Mwalimu, kitu hiki kinabeba nini?"

"Kinabeba mkanda wa mpira tu, fundi. Lakini kikiyumba hata unene wa unywele, mwimbaji atayumba naye."

Hakucheka. Alichagua kipande cha shaba njano, akatoboa kwanza tundu la mhimili, kisha akakishikilia kwa tundu hilo hilo ndipo akakereza nje, ili duara la nje na la ndani viwe na kitovu kimoja. Hilo ndilo jambo ambalo mafundi wengi wangelifanya kinyume, na ndilo lililonifanya nisijutie shilingi 45,000. Alimalizia kwa msasa laini uliochovywa kwenye mafuta, akipima kila baada ya pumzi chache. Masalio ya shaba akanikerezea kiziba cha zile santuri ndogo zenye tundu kubwa katikati: kipenyo cha nje milimita 38, tundu la ndani milimita 7.3.

Nyumbani tumehesabu tena. Mizunguko 100 imechukua sekunde 181.

Sekunde moja ya ziada imenisumbua hadi usiku, kwa sababu kapi ilikuwa 21.6 barabara. Jibu nimelipata nikiwa naosha vyombo. Mkanda una unene wa milimita 0.6, na kipenyo kinachofanya kazi ni cha kapi pamoja na unene huo: si 18.0 bali 18.6, ambayo ikizidishwa kwa sita kwa tano inakuwa 22.32, na ukiondoa unene wa mkanda inabaki 21.72. Nimekosea kwa milimita 0.12, yaani nusu asilimia ya kasi. Ninalofundisha kila mwaka katika somo la kapi nimelisahau siku nililolihitaji. Nimejaribu kuizungushia kapi selotepu tabaka moja, kasi ikakaa sawa, lakini pale selotepu inapopandana panagonga, tuk, tuk, tuk. Nimeibandua. Nusu asilimia sikio langu halilisikii, nami nimeiacha.

Jumamosi, 1 Machi

Mfuko kutoka Maskati umefika kwa mkono wa msafiri. Mdogo wangu amenunua katriji (kichwa kinachobeba sindano na kugeuza mtikisiko wake kuwa umeme) ya Audio-Technica AT-VM95E na pete mpya za sponji za woofa. Katriji pamoja na gharama zake ni shilingi 235,000, kitu ghali kuliko vyote mbali na amplifaya, na pete ni 70,000.

Fundi redio alikuwa amependekeza nikate pete kutoka kwenye mpira wa tairi la baiskeli, jambo ambalo hufanywa na hutoa sauti. Tatizo ni kwamba mpira huo ni mgumu na mzito kuliko sponji. Koni hukosa uhuru, na besi ya chini ambayo spika iliundiwa hupotea. Nimekwangua mabaki kwa spiriti na kijiti cha mianzi kwa saa mbili, koni moja baada ya nyingine, nikapaka gundi nyembamba, na wakati gundi ikikauka nimeipitishia spika mlio wa hezi 30 kutoka kwenye simu kwa sauti ya chini sana. Koni inapumua polepole kama kifua cha mtu aliyelala, na ikiwa imekaa upande utaisikia koili ikisugua. Niliposikia msuguo niliisukuma kwa ncha za vidole hadi ukanyamaza, nikaishikilia hapo.

Kabla ya kufunga nimegusisha betri ya volti 1.5 kwenye nyaya za kila spika. Ya kulia ilisukuma koni nje. Ya kushoto iliivuta ndani: fundi fulani wa zamani aligeuza nyaya. Spika mbili zinazopingana hivyo hufutana besi, na mwimbaji badala ya kusimama katikati hutawanyika ukutani. Nimezirudisha sawa. Kwa nyaya za spika nimetumia waya wa kawaida wa nyumba wa milimita za mraba 2.5, mita 16 kwa shilingi 24,000. Ukinzani wake kwa mita nne za kwenda na nne za kurudi ni takriban omu 0.055 mbele ya spika ya omu 8, na yeyote atakayeniuzia waya wa bei ya pikipiki itabidi aeleze anaondoa nini katika 0.055 hiyo.

Katriji hii hupenda uzito wa gramu 2.0 kwenye ncha ya sindano, na kipimo cha namba kilichoko kwenye mkono wa mashine sikiamini. Nimeazima mizani kwa sonara.

"Gramu mbili za dhahabu ya nani, mwalimu?" aliuliza.

"Si dhahabu, ni almasi," nikamjibu, na sikumdanganya, kwa kuwa ncha ya sindano ni almasi.

Jambo la kuangalia ni kwamba ndani ya katriji ya aina hii mna sumaku, na chini ya sahani ya mizani mlikuwa na chuma. Namba ya kwanza ilisoma 2.6 kwa sababu sumaku ilikuwa ikijivuta kuelekea chuma. Nimeweka kijibao juu ya sahani kuitenga, nikarudisha mizani kwenye sifuri, ikasoma 2.2, nami nikarekebisha hadi 2.0. Pembe ya katriji nimeipanga kwa karatasi yenye alama mbili, milimita 66.0 na 120.9 kutoka kitovu, baada ya kuhakikisha kwa rula kwamba printa haikuikuza karatasi.

Ijumaa, 14 Machi

Mwezi wa Ramadhani ni mwezi mzuri wa kuwinda mvumo, kwa kuwa baada ya tarawehe mtaa hutulia na sikio husikia mengi. Nikifungua sauti bila santuri, spika zinavuma. Kuna mivumo miwili inayochanganywa. Mvumo wa hezi 100, mkali kidogo kama nyuki, aghalabu hutoka kwenye vikapasita vya amplifaya vilivyochoka. Wa hezi 50, mzito na wa mviringo, huingia kutoka nje kupitia waya wa ardhi au uga wa sumaku. Nimeulinganisha na milio ya programu ya simu: ni 50. Nimepumua, kwa kuwa sitaifungua amplifaya.

Waya mwembamba wa ardhi kutoka kwenye mashine ya santuri ulikuwa umekatika ndani ya ganda lake. Nimeulehemu, mvumo ukapungua kwa sehemu kubwa, ila mabaki yakawa yanapanda na kushuka sindano inapoelekea katikati ya sahani. Mvumo unaofuata mahali sindano ilipo unatoka kwenye kitu kilicho jirani. Transfoma ya kushusha umeme niliiweka rafu ya chini, kushoto kabisa, sentimita 30 kutoka kwenye mkono wa mashine, nayo humwaga uga wake pande zote. Katriji hutoa takriban milivolti 4 tu, kwa hiyo hata uga hafifu ni kelele. Nimeihamishia kona ya pili ya chumba. Sasa nikikaa kitini husikia feni ya jirani kabla ya kusikia mvumo.

Jumamosi, 19 Aprili

Masika. Hakuna kazi iliyofanyika wiki mbili. Mvua ikipiga bati, simu husoma desibeli 68 ndani ya chumba, dari na yote. Usiku mkavu husoma 34. Hilo ni pengo la desibeli 34, na sauti zote nyororo za santuri zinazama humo. Hakuna chombo cha kununua kinachotibu bati.

Nimetumia muda huo kuosha santuri. Maji yaliyotoneshwa, robo ya spiriti ya aisopropili, tone la sabuni ya vyombo, kitambaa laini kinachofuata mtaro, kisha maji matupu. Kuvu jeupe kwenye santuri kubwa mbili limetoka lote. Zile 3 za mizunguko 78 nimezipitishia maji na sabuni tu, kwani zimetengenezwa kwa shelaki na spiriti huiyeyusha. Ukijisahau mara moja umefuta muziki. Zinahitaji pia sindano pana zaidi, takriban mara nne ya upana wa hii, kwa hiyo zitangoja.

Jumapili, 11 Mei

Chumba kina urefu wa mita 4.2, upana 3.3, na kimo 2.8. Kwa joto letu sauti husafiri takriban mita 349 kwa sekunde, na kuta zinazotazamana hushika mawimbi ambayo nusu yake inalingana na umbali wao: hezi 41.5 kwa urefu, 53 kwa upana, 62 kwa kimo. Hezi hizo ndizo sauti za chini za gitaa la besi, na leo nimezisikia waziwazi. Mpiga besi akishuka kwenye noti fulani, chumba kizima kinaivimbisha; akipanda noti mbili, anatoweka kana kwamba ametoka kunywa maji. Nilikuwa tayari kuzilaumu pete nilizozibandika mwenyewe.

Kochi lilikuwa limeegemea ukuta wa nyuma kama makochi yote ya nyumba zetu, na ukutani ndipo wimbi la urefu linapofikia kilele. Nimelivuta mbele sentimita 30, kisha 60, kisha mita 1.6. Hapo besi imetulia, kila noti na nafasi yake. Nilipoendelea hadi katikati ya chumba, noti za chini kabisa zilikatika, kwa sababu hapo wimbi hilo hilo lina shimo. Spika nazo nimezitoa ukutani sentimita 70 na kuziinua juu ya stuli za mninga, shilingi 60,000 kwa seremala, hadi twita, zile spika ndogo za sauti za juu, zikawa usawa wa masikio yangu.

Mabadiliko ya leo ni makubwa kuliko yote tangu Januari, na zaidi ya stuli hayakunigharimu kitu ila amani ya nyumba: kochi sasa liko katikati ya njia, na mama mkwe alipokuja jioni aliuliza kama tunahama.

Jumamosi, 24 Mei

Ukipiga makofi katikati ya chumba, kuta hujibu kwa mlio wa haraka kama wa kuku anayeparura bati. Huo ni mwangwi baina ya kuta mbili tupu, nao huitia sauti ya mwimbaji ukali. Vitabu vya ufundi husema utumie sufi ya madini. Mimi niko Tanga, na mwenye kutengeneza magodoro ya usufi yuko mtaa wa tatu.

Fremu nne za mbao, sentimita 120 kwa 60, zimejazwa usufi wa kina cha sentimita 10, bila kushindiliwa sana ili hewa ipite. Kitambaa cha mbele nilikichagua kwa kukipuliza. Kisichopitisha pumzi hakipitishi sauti. Mshonaji alitaka kutumia kanga na kuacha jina lake mbele, nikamwambia sitaki kusutwa ninaposikiliza muziki. Gharama yote ni shilingi 168,000. Zimekaa mbali na transfoma, kwa kuwa usufi hushika moto upesi.

Mahali pa kuzitundika tumepapata kwa kioo. Mimi kitini, mtoto akitembeza kioo kwenye ukuta wa kando.

"Shangazi, hapa?"

"Sogeza mbele. Tena. Hapo hapo, naiona twita."

Pale ninapoiona spika kwenye kioo ndipo sauti inapodunda kabla ya kunifikia, na pale ndipo fremu inapokaa. Mwangwi wa makofi umekwisha. Besi haikuguswa, wala sikutarajia. Unene wa sentimita 10 haulisumbui wimbi la mita 8.

Jumamosi, 21 Juni

Mvua zimekwisha, na nimeirudia santuri ya kipimo. Tangu Machi nimeipiga mara kadhaa na kuandika kila mara kwamba magitaa yanaanza kuachana, lakini chini yake kuna mkwaruzo unaochemka kama mafuta ya kukaangia, na gitaa la ridhim linajificha humo. Kuiosha mara mbili hakukusaidia. Nilikuwa nimekwisha kuhesabu kilichobaki cha bajeti, maana mpaka leo nimetumia 1,375,000, na nilikuwa naangalia bei ya sindano ya daraja la juu zaidi.

Ndipo nilipoifikiria santuri yenyewe. Ni ya mono, yaani ya njia moja ya sauti, kama zilivyo nyingi katika kreti hii. Mtaro wa mono huitikisa sindano kushoto na kulia peke yake. Ule wa stereo, wenye njia mbili za kushoto na kulia, huitikisa pia juu na chini. Kwa hiyo katriji yangu ya stereo inapoipiga santuri hii, kila mtikisiko wa juu na chini inaouokota si muziki, ni vumbi na makovu ya sindano za zamani. Njia za kushoto na kulia zikijumlishwa, mitikisiko hiyo hujifuta, kwa kuwa katika njia moja ni chanya na katika nyingine ni hasi, na muziki hubaki.

Kijitufe kilichoganda, kile nilichokidharau tarehe 25 Januari, kimeandikwa MODE: ndicho cha kujumlisha njia hizo mbili. Nimekipulizia dawa, nikasubiri, nikakibonyeza na kukiachia mara thelathini au arobaini hadi kikaanza kuingia chenyewe.

Nilirudisha sindano mwanzo. Mkwaruzo haukuisha, ila ulirudi nyuma, kama watu wanaopiga soga barazani badala ya chumbani. Solo ilianza, ridhim ikaijibu kutoka chini yake kidogo kwa nyuzi zilizobanwa, na nikaifuata ridhim peke yake hadi kwenye kiitikio, ambako kwa mara ya kwanza nilisikia kwamba mpigaji huigeuza midundo mara mbili kabla ya mwimbaji kuingia. Sikuwahi kujua hilo, hata barazani kwa Mjomba. Nimempigia simu Pemba nikamwekea spika ya simu mbele ya woofa, jambo la kipumbavu kabisa kwa mtu aliyetumia miezi sita kutafuta usafi wa sauti, naye akanyamaza muda wote wa upande wa kwanza, kisha akasema, "Geuza."